Umri si kipimo

Makala yauliza mtoto aachiwe baisikeli peke yake akiwa na miaka mingapi. Mimi nisingehesabu miaka. Mpeleke uwanjani, aendeshe mstari ulionyooka kwa mkono mmoja huku akigeuka kutazama nyuma begani kulia. Akiyumba, bado. Hapa Mombasa twaendesha kushoto, kwa hivyo kukata kulia ndiko kunakoumiza, na asiyeweza kutazama nyuma hajui tuktuk imefika wapi. Hadi aweze, kwenye makutano ashuke, asukume, avuke kwa miguu.

Tena tuache ile tabia ya kununua kubwa "ataikulia". Akikaa kitini, ncha za nyayo zote mbili ziguse chini. Breki nazo: akizibana kwa nguvu zote, mkono wa breki ukigusa usukani, hiyo si breki. Chumvi ya bahari hula waya wa breki ndani ya ganda lake. Kwa nje waonekana mzima, ndani umeshika kutu na hautelezi. Tone la mafuta kila wiki, na ukianza kunyofoka nyuzi, badilisha.

Njia muianze pamoja Jumapili asubuhi, mara tatu au nne, yeye mbele. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vizuri kujifunzia, ingawa kona hazionekani. Kengele ni lazima. Kwenye stegi aache nafasi ya mlango wa matatu kufunguka. Masika asipite dimbwi asilojua kina chake: mashimo ya mitaro yasiyo na vifuniko hujificha humo.