Nimepigwa Kalenda na Moshi

Jamani, mimi hewa safi siipingi. Naivuta mwenyewe kila siku na sijawahi kuilalamikia. Nauliza tu: kwa nini dunia ilingoja mpaka mimi nisaini karatasi za gari la spoti ndipo ikumbuke kupima moshi kwa makini?

Miaka 22 nimeendesha gari la familia. Rangi yake hata sikuwahi kuijua vizuri. Watoto walisema kijivu, mama yao alisema vumbi. Miaka yote hiyo najinyima, naweka akiba kimyakimya, na usiku nikifumba macho nasikia ngurumo ya injini. Si mwendo nilioutaka, maana nitakimbilia wapi na magoti haya? Nilitaka ule mngurumo tu. Niwashe asubuhi, madirisha ya mtaa yatetemeke, watu waulize, "Nani huyo?"

Februari 2018 nikasaini. Milango miwili, injini ya turbo, viti viwili.

"Viti viwili?" mke wangu akauliza. "Na watoto?"

"Watoto wanakua."

"Wanakua waende wapi?"

Swali hilo sijalijibu mpaka leo.

Kijana wa mauzo alinipokea kwa neno "bosi". Bosi kaa hapa, bosi gusa usukani, bosi hii ngozi nusa. Akaniahidi gari wiki ya 24. Wauza magari hawana Juni wala Julai, wana wiki za namba tu, na mtu mzima unarudi nyumbani kuhesabu kalenda kwa kidole. Akanipa na kishikizo cha funguo cha ngozi nyekundu. Kizuri kweli. Funguo hakina.

Kosa la kwanza, nikauza gari la zamani wiki ile ile. La pili, nikanunua glavu za kuendeshea, zile zenye vitobo kwenye vifundo. La tatu, nikaenda kwa mzee jirani kumwomba radhi mapema kwa kelele zitakazokuja. Mzee wa watu akashukuru kwa kuarifiwa, akasema atajitafutia pamba ya masikio.

Wiki ya 24 ikaingia, ikatoka. Nikapiga simu.

"Mkuu," akasema yule kijana, nami nikaona nimeshateremshwa cheo, "kuna kajambo kadogo ka cheti."

Hako kajambo kana herufi nne: WLTP. Alivyoitamka, nilidhani ni ugonjwa wa mifupa. Nikamuuliza kama gari langu limelazwa.

Kwa kuwa sikuwa na gari na jioni zilikuwa ndefu, nikaanza kusoma. WLTP ni kipimo kipya cha moshi na mafuta ya gari, na cheti kilichokosekana ni cha kukifaulu. Kumbe zamani gari lilipimwa maabara, magurudumu juu ya mapipa yanayozunguka, kwa kipimo kilichoitwa NEDC ambacho mizizi yake ni ya miaka ya 1970. Dakika 20, kilomita 11, wastani wa kilomita 34 kwa saa. Na kuna mahali gari linapewa sekunde 26 kutoka kusimama hadi kufika kilomita 50 kwa saa. Sekunde 26! Mama mkwe wangu, ambaye kabla ya kuondoka huweka kiti sawa, hupangusa kioo na kusoma dua yote, akishaondoka ana haraka kuliko hiyo. Huo ni mwendo wa kusindikiza maiti. Ndiyo maana magari yalikuwa yakifaulu kwa alama za juu, halafu ukilitia barabarani linakunywa mafuta kama limetoka jangwani.

Halafu Septemba 2015 likalipuka lile la Volkswagen. Wamarekani wakagundua kwamba magari ya dizeli yamewekewa programu inayojua gari liko kwenye kipimo. Likipimwa linajistahi, likitoka nje linarudia tabia zake. Ni kama mtoto anayeshika ufagio akisikia baba anakohoa getini. Ilifika kama magari milioni 11 duniani. Sasa mimi nimeagiza petroli. Aliyekunywa dizeli ni mwingine, na harufu ya mdomo naulizwa mimi!

Haki yao niwape: hicho kipimo kipya kilikuwa kinaandaliwa tangu kabla ya sakata hilo. Lakini hasira yangu wakati ule haikutaka kuletewa tarehe.

Kipimo kipya ni nusu saa nzima, kilomita 23, na kasi inapita 130. Ulaya wakakiwekea siku: aina mpya za magari kuanzia Septemba 2017, na gari jipya lolote linalosajiliwa, kuanzia tarehe 1 Septemba 2018. Kwa hiyo siku ilijulikana. Haikuja kama mwizi. Lakini viwanda navyo vina tabia za kibinadamu. Mtihani umetangazwa mwaka mzima, kila mtu anasoma usiku wa mwisho, halafu wote mnagombania taa moja. Magari foleni, maabara zenyewe za kuhesabu.

Lililoniuma zaidi ni vikorombwezo. Siku ile ya kusaini, kijana alinipa orodha na kalamu, na mimi nikatia alama kila mahali kama mtu anayepigia kura ndugu zake wote. Rimu kubwa, paa la kioo, bawa la nyuma, matairi mapana. Kumbe chini ya kipimo kipya gari lako halisomewi alama ya jumla na wenzake. Uzito wa kile kioo unahesabiwa, upepo unaozuiwa na lile bawa unahesabiwa, hata tairi linavyogoma kuviringika, na gari linapewa hesabu yake lenyewe ya kaboni. Kila kikorombwezo kinazidisha kazi. Kalamu niliyojidai nayo ndiyo iliyonichelewesha.

Nikamweleza mke wangu. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, jambo ambalo kwa kawaida ni dalili mbaya.

"Hilo gari linaruka?"

"Haliruki."

"Sasa bawa la nini?"

Nikatoka nje kidogo kupunga upepo.

Wiki ya 35 nikapiga tena. Sasa nikawa "mzee wangu". Mzee wangu, maabara tumemaliza, imebaki ile ya barabarani. Ya barabarani? Ndiyo, gari linafungwa mtambo wa kupimia nyuma, bomba la moshi limeingizwa ndani yake, linaendeshwa kati ya saa moja na nusu na saa mbili, sehemu mjini, sehemu vijijini, sehemu barabara kuu. Nikashika simu kwa mikono miwili. Yaani kuna mtu, mahali fulani, analipwa mshahara kuendesha gari kama langu kwa saa mbili, na mimi mwenye pesa nimesimama kituo cha basi nimevaa glavu zenye vitobo? Naam, nilikuwa nimezivaa. Nilizinunua, nizifanyie nini? Zilikuwa zinanisaidia kubeba mifuko ya sokoni, plastiki haikati vidole.

Kijana akanituliza kwamba si gari langu hasa, ni la aina hiyo hiyo. Ndugu yake wa tumbo moja. Wivu haukupungua hata kidogo.

"Langu liko wapi?"

"Limeshaundwa, mzee wangu. Limeegeshwa."

Limeegeshwa wapi, hakusema. Mwaka huo huo nikasoma kwamba Volkswagen, walipozidiwa na magari yasiyo na vyeti, walikwenda kukodi nafasi za kuegesha kwenye uwanja mpya wa ndege wa Berlin. Nafasi zilikuwapo tele, kwa sababu uwanja wenyewe ulitakiwa kufunguliwa Juni 2012 na ulikuwa bado umefungwa. Ulikuja kufunguliwa Oktoba 2020. Hebu litazameni jambo hili taratibu: magari yanayongoja kibali yamehifadhiwa na uwanja unaongoja kibali. Siku ile nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kunishika paji la uso.

Nyumbani mambo yakaanza kuharibika. Banda la gari nililolisafisha na kulipaka rangi, kwanza likaingia baiskeli moja. Halafu kamba ya nguo. Halafu nikakuta kochi, na juu ya kochi shemeji, mke wa mdogo wangu, amekuja kupumzika kwa sababu kuna ubaridi mzuri. Huyu shemeji alipata mimba mimi nikiwa nimeshasaini. Alijifungua kabla gari halijafika. Mtoto alitimiza tarehe yake, na nina hakika hewa anayotoa hakuna maabara ingeipitisha.

Oktoba ikaja barua. "Mteja mpendwa." Baasi, nikajua hata uzee wangu umefutwa. Barua ilisema cheti kimepatikana, na kwamba gari langu sasa lina filta ya masizi. Nikapiga simu kuuliza filta ni ya nini, mbona dizeli ndizo zinazovaa? Nikaelezwa kwamba injini za petroli za kisasa, zile zinazopuliziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, nazo zinatoa chembechembe ndogo ndogo sana. Kikomo ni bilioni 600 kwa kila kilomita. Mimi nikadhani hiyo ndiyo kesi. Kumbe hiyo ndiyo ruhusa! Mwanzoni petroli ziliruhusiwa mara kumi ya hapo. Sasa aliyekaa akazihesabu bilioni 600 bila kupotea katikati nampa heshima zake, mimi kuhesabu wiki tu nilishindwa.

"Kwa hiyo filta inakaa wapi?"

"Kwenye ekzosi, mteja wetu. Hata hutaiona."

Kweli, sikuiona.

Wiki ya 47 gari likaja, juu ya lori, mvua inanyesha. Nitawaambia ukweli: lilikuwa zuri. Zuri la kumfanya mtu asahau kochi na kamba ya nguo. Nilitia funguo kwenye kile kishikizo chekundu na mkono ukatetemeka. Mtaa mzima ulikuwa nje. Shemeji na mtoto, mama mkwe na mwavuli, watoto wangu ambao kwa muda ule walikuwa wamekua kweli na hawajui waende wapi. Mzee jirani alitoka amejaza pamba masikio yote mawili, akaninyanyulia kidole gumba kwamba yuko tayari, endelea.

Nikavaa glavu. Nikaketi, au niseme nikaanguka, maana kiti kiko chini kama mkeka. Nikabonyeza kitufe.

Likakohoa. Mara moja, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Halafu likaendelea kusema kitu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma gazeti kwa midomo. Nikakanyaga mafuta. Likasema kile kile, kwa haraka kidogo. Ile filta ilikuwa imekaa njiani, inachuja masizi, na ngurumo yangu ya miaka 22 nayo inaichuja.

Mzee jirani akasubiri. Akatoa pamba ya sikio la kulia, akatega. Akatoa na ya kushoto. Akasogea mpaka dirishani, akainama kwa upole, mvua inamtiririka.

"Washa basi, mwanangu."

"Limewaka, mzee."