Sur hakuna anayeniuliza naenda wapi

Ijumaa jioni tulitandika mkeka ufukweni Sur, huku Omani, upande wa Ayjah, si mbali na mnara wa taa. Chai ya tangawizi, mahamri, watoto wanachimba mchanga. Mara namuona mtu wa manispaa anatujia moja kwa moja. Moyo ukanipiga paa, nikaanza kukusanya vikombe. Akatoa salamu, akachukua mfuko wetu wa taka, akatuachia mwingine, akaenda zake. Mume wangu akanicheka: "Ulidhani uko Nyali?"

Ndiyo, nilidhani niko Nyali, kwetu Mombasa.

Mtu wa Mombasa hawi mgeni sana Sur. Majahazi ya huku ndiyo yaliyokuwa yakishuka na kaskazi yakituletea tende, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Moja, Fat'h al-Khair, liliundwa hapa mwaka 1951 na bado limehifadhiwa watu walitazame. Kuna wazee unawasalimia kwa Kiarabu cha kubahatisha, wanakujibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wanangu.

Lakini kinachonikereketa ni hili la kuifikia bahari. Huku mimi ni mtu wa kazi tu. Kibali kiko kwa kafili, yule mdhamini wangu, na bataka, kadi ya ukaazi, ikiisha nafungasha. Hata hivyo naegesha gari, nashuka, naingia majini. Hawiyat Najm, lile shimo la maji ya kijani njiani kutoka Maskati, wamelitia ngazi mpaka chini. Kwetu sasa, kitovu changu kimezikwa Kibokoni, lakini nikitaka kuogelea Nyali askari wa geti ananitazama kutoka buibui mpaka kandambili: "Unaenda kwa nani?" Kwa bahari, baba! Naenda kwa bahari!

Najua mtakayosema. Kafika Omani juzi, leo muhogo wa Lighthouse, kule Mombasa, unamnukia vibaya. Wallahi haunukii, ningeupata hapa na pilipili na ndimu ningelia. Na bahari yetu inaishinda hii, nalisema bila haya. Njoo Sur mwezi wa Juni saa nne asubuhi ukanyage mchanga pekupeku, ndipo utaijua thamani ya kivuli cha mbuyu.

Mwingine ataniambia Omani wana mafuta. Sawa, wanayo. Kuacha uchochoro wa hatua tatu kati ya kuta mbili kunahitaji mapipa mangapi? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, imesema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mchanga basi ni wetu, ila tuufikie kwa mabawa, kwa sababu njia zimemezwa na kuta moja baada ya nyingine, na waliotia sahihi hawakushuka kutoka mbinguni.

"Pirates, ule ufuo wa umma, si iko wazi?" Iko. Nenda siku ya Idi, wewe na Mombasa nzima na ngamia juu, kisha uje tuzungumze.

Msiniambie nirudi nikagombee udiwani. Disemba nakuja likizo na watoto wanataka bahari. Aliye huko aniambie njia ipi ya Nyali haijafungwa bado, maana ile niliyoijua mimi mara ya mwisho niliikuta ina mlango wa chuma na kufuli.