Katapila wa Shambani, Katapila la Barabarani

Jamani, mimi Bungoma hii nimezingirwa. Barabarani kuna katapila, shambani kuna katapila, na vyote viwili vinanila mimi.

La barabarani lilikuja kupanua njia. Likang'oa ua wangu, likakata bomba la maji, kisha likazimwa palepale langoni, dereva akaenda kunywa chai na hajamaliza mpaka leo. Mama watoto keshaanza kulianikia nguo.

Wa shambani ni kiwavijeshi. Huyu tulimpata 2017, mgeni kutoka bara la Amerika, wala hakupiga hodi kwa chifu. Mchana amejificha ndani ya majani machanga ya mahindi yaliyojikunja. Nje anakuachia kinyesi chake tu, kama unga wa mbao. Nimemmulika kwa tochi: usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne yamekaa mraba. Tena akimkuta mdogo wake humo ndani, anamla. Ukoo gani huo? Jirani kaniambia nimtilie majivu. Nimetia mpaka jiko limebaki jeupe.

Sasa binti yangu anataka kujua jina hili la katapila lilitoka wapi. Kumbe Wafaransa wa kale, wale wa kaskazini, walimwita kiwavi catepelose, yaani paka mwenye manyoya. Paka! Hawa walikuwa wanafuga nini? Waingereza wakalidaka, wakaligeuzageuza likawa caterpillar. Halafu mwaka 1904, kule California, Benjamin Holt akatoa magurudumu ya trekta lake la mvuke akalivalisha minyororo, lisizame kwenye udongo laini. Mtu akalitazama linavyojivuta, akasema hicho ni kiwavi kinatambaa. Holt, mfanyabiashara yule, hakukasirika: 1910 akalisajili jina kabisa. Likavuka bahari, likafika kwetu limeshakuwa katapila, na bili ya bomba juu yake.

Juzi nikapiga simu kwa watu wa barabara, nikawaambia katapila imeniharibia boma. Bwana mmoja mpole akanishauri ninyunyize dawa jioni jua likizama. Nikaona basi, wacha nijaribu watu wa kilimo. Nikalia nao: katapila amemaliza mahindi yangu ekari nzima! Yule dada akashusha pumzi, akaniuliza, "Pole mzee. Uliandika namba yake ya usajili?"