Chama cha msimu na chama dola: kipi kinamwachia mpiga kura nguvu?

Tangu KANU iondoke madarakani mwaka 2002, hakuna chama kilichoshinda urais wa Kenya mara mbili. Mwai Kibaki aliingia Ikulu kwa NARC, akarudi kwa PNU. Uhuru Kenyatta alishinda kwa TNA mwaka 2013, kisha kwa Jubilee mwaka 2017. William Ruto akaja na UDA. Ukivuka Namanga unakutana na kinyume chake: CCM, iliyozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP, haijawahi kuupoteza urais wa Jamhuri ya Muungano.

Wengi huvicheka vyama vya Kenya, wakiviita magari ya kukodi. Lakini historia inavitetea. Mwaka 1991 FORD, vuguvugu la upinzani, iliibana serikali hadi kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Uchaguzi ulipofika mwaka uliofuata, FORD ilikuwa imeshapasuka: Jaramogi Oginga Odinga huku, Kenneth Matiba kule, na Kibaki pembeni na chama chake cha DP. Daniel arap Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Mwaka 1997 hadithi ikajirudia, Moi akipata kama asilimia 40. Kilichokuja kuiangusha KANU hakikuwa chama chenye mizizi, bali muungano wa miezi michache tu. Raila Odinga alitamka "Kibaki Tosha", wapinzani wakafunga safu, Kibaki akapata kama asilimia 62. Wangengoja kwanza kujenga chama cha kudumu, huenda KANU ingekaa muhula mwingine.

Gharama yake inaonekana baada ya ushindi. NARC iliahidi katiba mpya ndani ya siku 100. Katiba haikuja, mkataba wa siri wa kugawana madaraka ukazua ugomvi, na kura ya maoni ya mwaka 2005 ikawagawa rasmi: ndizi, alama ya Ndiyo, upande mmoja, na chungwa, alama ya Hapana, upande mwingine. Mwaka 2007 Kibaki aligombea kwa PNU, chama kilichoundwa miezi michache tu kabla ya kura. Aliyetaka kuiadhibu NARC kwa ahadi zake angeiadhibu wapi? Mwaka 2022 jambo hilo lilizidi: Ruto, naibu wa rais aliyekuwa serikalini tangu 2013, alizunguka nchi nzima kama mpinzani, huku rais aliyekuwa bosi wake akimpigia debe Raila. Mimi naliona hilo kuwa dosari kubwa, kwa sababu kura isiyoweza kumwajibisha mtu kwa aliyoyafanya inabaki kuwa kura ya matumaini tu.

CCM haina tatizo hilo. Jina ni lile lile, na mtandao wake unashuka hadi kwenye shina. Zaidi ya hapo, Mwinyi alimwachia Mkapa mwaka 1995, Mkapa akamwachia Kikwete mwaka 2005, Kikwete akamwachia Magufuli mwaka 2015, bila mmoja wao kujaribu kung'ang'ania. Katika ukanda ambao marais wamefuta ukomo wa mihula, hilo ni jambo la heshima, nami nalisema kwa dhati.

Ila makabidhiano hayo yote yalifanyika ndani ya nyumba moja. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alipokatwa jina Dodoma mwaka 2015 katika mchujo wa mgombea urais wa CCM, alihamia chama cha upinzani cha Chadema na kupata karibu asilimia 40, dalili kwamba ushindani ulikuwapo ukipewa nafasi. Na alilazimika kuhamia chama kingine, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mgombea binafsi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu dhidi ya katazo hilo mwaka 2013. Oktoba 2025 CCM ilitangazwa mshindi wa urais kwa zaidi ya asilimia 97, wakati Chadema imezuiwa kushiriki na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, yuko gerezani akikabiliwa na kesi ya uhaini. Ushindi wa namna hiyo hausemi lolote kuhusu nguvu ya chama, kwa sababu hakikupimwa.

Ghana inaonyesha kwamba kudumu na kushindwa vinaweza kukaa pamoja. Tangu 1992 NPP na NDC ndivyo vinavyogombania urais, na madaraka yamehama kutoka chama kimoja kwenda kingine katika chaguzi za 2000, 2008, 2016 na 2024. Mwaka 2008 NPP ilishindwa kwa kura zipatazo 40,000. Haikuvunjika wala haikubadili jina. Ilibadili kanuni zake mwaka 2009, na wajumbe wa kumchagua mgombea urais wakapanda kutoka kama elfu mbili hadi zaidi ya laki moja. Ghana nayo ina fedha chafu katika mchujo na ukabila katika kura, lakini chama kilichoshindwa hubaki bungeni kikisubiri zamu yake, na wananchi wanajua wa kumuuliza.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kati ya majirani wawili, nachagua fujo ya Kenya, kwa kuwa inaacha mlango wa kumwondoa mtawala. Lakini Wakenya wasiridhike nayo. Wana chama kimoja kilichovuka msimu: ODM, iliyotokana na chungwa la mwaka 2005. Kiongozi wake, Raila, aligombea urais mara nne tangu 2007 na kushindwa zote, chama kikabaki hai. Raila alifariki Oktoba 2025, wakati viongozi kadhaa wa ODM wakiwa tayari mawaziri katika serikali ya Ruto. Sasa chama kinapaswa kuamua kama mwaka 2027 kitasimamisha mgombea wake au kitamuunga mkono rais aliyepo, na uamuzi huo unapaswa kufanywa na wanachama wenye kadi, si na mawaziri.