Megawati za Saa Ngapi?

Mtaani kwetu hapa Nairobi maji huja usiku wa manane, mara mbili kwa wiki tukibahatika. Ukisikia mfereji unakoroma saa nane, unaamka. Ndoo, mitungi, beseni la kufulia, hata sufuria ya ugali, vyote vinajazwa. Sijaona jirani aliyeacha maji yaishie mtaroni eti kwa kuwa saa hizo hana kiu.

Stima ndiyo tunaifanyia hivyo.

Loiyangalani, mashariki mwa Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Upepo wa kule hupenya kati ya milima ya Kulal na Nyiru, na usiku ndipo huvuma kwa fujo. Sisi tumelala, viwanda vingi vimefungwa. Kule Olkaria nako mvuke wa ardhini unaozalisha umeme haujui mchana wala usiku. Kisima chake si bomba la jikoni, ufunge na kufungua upendavyo. Basi upepo unaambiwa upunguze, na mvuke unaachwa upotelee hewani. Tena mkataba wa upepo unatutoza hata umeme uliokuwa tayari, tukashindwa kuupokea. Kisha ikifika saa moja jioni kila nyumba inawasha taa, runinga na maji moto ya kuogea, gridi inahema, majenereta ya mafuta yanawashwa, na wengine wanabaki gizani.

Kwa hiyo mwanasiasa akisimama kutuahidi megawati zaidi, mimi huuliza: za saa ngapi?

Wales walijibu swali hilo zamani. Dinorwig, ndani ya mlima uliochimbwa mawe ya kuezekea, kuna kituo kilichofunguliwa 1984. Usiku umeme ukiwa rahisi, pampu zinapandisha maji kwenye ziwa la juu. Watu wakihitaji, maji yanateremshwa, na zaidi ya megawati 1,700 zinapatikana kwa sekunde chache tu. Ndiyo, karibu robo ya umeme hupotea katika kupandisha na kuteremsha. Wanaoshikilia hoja hiyo wanisaidie: unaopotea Loiyangalani usiku ni robo?

Sisi tuna kuta za Bonde la Ufa, miteremko ya kila aina. Ila mradi wa namna hiyo huchukua miaka mingi, na subira yetu naijua.

Betri hazingoji hivyo. Australia Kusini ilizimika jimbo zima Septemba 2016. Mwaka uliofuata Elon Musk akaahidi betri ndani ya siku 100, la sivyo ni bure. Ile ya Hornsdale, megawati 100, ikawa tayari kabla ya siku kwisha, ubavuni mwa mitambo ya upepo. Majigambo yake siyapendi, lakini betri ilifanya kazi.

Ningekuwa na usemi, ningeanzia Suswa, pale laini ya kilomita zaidi ya 400 kutoka Loiyangalani inapoishia. Kinachonitia wasiwasi si betri bali karatasi zake. Zikiletwa kwa mkataba mwingine wa fedha za kigeni, unaolipwa hata zikikaa tupu, tutakuwa tunalipia upepo tusioutumia pamoja na betri tusizozijaza, kwa tokeni ileile ya shilingi 200.