Nyumba ya Vyumba Sita au Kiwanja cha Chanika?

Mwenye akiba ya kutafuta nyumba yake ya kwanza ya kupangisha Dar es Salaam hupewa ushauri uleule: chukua kiwanja Chanika au Kibaha, jenga mdogo mdogo. Una mantiki. Kiwanja kilichopimwa kinaweza kupatiwa hati, jengo ni jipya, na mpangaji wa nyumba nzima hagombanii choo na mtu. Ila toka msingi hadi bati miaka mitatu inaweza kukatika, na tofali lililolala uwanjani halileti kodi.

Nyumba kuukuu ya Manzese au Mbagala, ile ya korido katikati na vyumba vitatu kila upande, hudharauliwa kabla hesabu haijapigwa. Tuseme chumba ni 60,000 kwa mwezi; sita ni 360,000. Kimoja kikikaa wazi miezi miwili umekosa 120,000. Nyumba nzima ya kodi hiyohiyo ikikaa wazi miezi miwili, 720,000 imekwenda. Kwa anayeanza, asiye na kitu pembeni, hapo ndipo utaona nani anakopa ili aite gari la kunyonya choo. Asilimia 10 ya pango inayokwenda TRA, mamlaka ya mapato, bila shaka, iko pande zote mbili.

Wanaoziogopa nyumba hizi wana haki kwenye makaratasi. Nyingi ni za mirathi, na anayeuza anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya saba. Dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kama muuzaji ana mwenza, ridhaa yake iwe ya maandishi. Hati, au leseni ya makazi (kibali cha muda cha kumiliki eneo lisilo na hati), ikafanyiwe upekuzi ofisi ya ardhi. Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha mmeuziana, hauonyeshi kwamba mali ni ya muuzaji.

Kinachosahaulika zaidi ni kodi iliyokwishaliwa. Wapangaji wanne wamelipa hadi mwisho wa Agosti, wewe unanunua mwisho wa Machi: miezi mitano mara 60,000 mara wanne, 1,200,000 iko mfukoni mwa muuzaji. Pita naye chumba hadi chumba, kila mpangaji ataje mbele ya muuzaji kodi yake inaishia lini, kisha kata kiasi hicho kwenye bei kabla ya kusaini. Mkishasaini, atakwambia hayo mlishayamaliza.