Likizo ya malipo kwa wasimamizi wa vituo: hoja tusiyoisikiliza

Uchaguzi wa Februari 2016 hapa Uganda ulituachia namba tuliyoisahau mapema mno: 1,787. Hivyo ndivyo vituo ambavyo matokeo yake hayakuingia katika hesabu ya urais iliyotangazwa, kati ya vituo 28,010. Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi saa 48 kutangaza matokeo baada ya upigaji kura kufungwa, na saa zilikwisha. Ni zaidi ya vituo sita katika kila mia, kila kimoja na watu waliopanga foleni juani. Tulibishana sana nani alishinda, ila wachache waliuliza fomu ya matokeo inajazwa na nani na akiwa katika hali gani.

Msimamizi wa kituo huamka usiku kufuata vifaa, hufungua saa moja asubuhi na kufunga saa kumi jioni. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza: kumwaga kura, kuinyanyua kila moja mawakala waione, kuhesabu, kujaza fomu, kutafuta saini, kugawa nakala, kisha kusafirisha kila kitu hadi sabukaunti, ngazi iliyo chini ya wilaya, gizani. Kazi nzito hivyo tunampa kibarua wa siku chache, ambaye wiki ijayo hana mwajiri wa kumuuliza lolote.

Ndiyo maana pendekezo la kuwapa watumishi wa umma likizo ya malipo wasimamie vituo linastahili kusikilizwa. Siku ya kura kwa kawaida ni mapumziko ya taifa, kwa hiyo gharama iko kwenye siku za mafunzo na ya kupumzika baadaye. Kweli, uchaguzi ukiwa Januari huwakuta walimu likizoni, wala hawahitaji ruhusa. Lakini karani wa wilaya, ofisa kilimo na mhasibu wa hospitali wako kazini.

Wanaopinga wana hoja, wala si ndogo. Mwajiri wa mtumishi ni serikali, na mkuu wa serikali huwa ni mgombea. RDC, mwakilishi wa rais wilayani, huteuliwa na rais mwenyewe, na uhamisho ni fimbo inayojulikana. Jirani zetu Tanzania waliyaona: Mei 2019 Mahakama Kuu iliwazuia wakurugenzi wa halmashauri, nao wateule wa rais, kusimamia uchaguzi, Oktoba Mahakama ya Rufani ikatengua, na manung'uniko hayakuisha. Wauguzi nao wasiguswe, wodi haifungwi.

Lakini kibarua, yeye hana wa kumwogopa? Anaishi kijiji kilekile, na kesho atahitaji barua ya mwenyekiti yuleyule wa LC1, baraza la kijiji. Mtumishi ana faili, namba ya mshahara na pensheni. Akighushi fomu anajulikana alipo na ana cha kupoteza. Woga wake unapunguzwa kwa utaratibu: ajiombee mwenyewe, bosi wake asiwe na neno katika uteuzi, na Tume impangie kwa bahati nasibu kituo nje ya wilaya anakofanyia kazi.

Na haki hiyo iandikwe na Bunge, si kwa waraka. Marekani, agizo la Rais Joe Biden la Machi 2021 ndilo lililofungua njia ya wafanyakazi wa serikali kuu kupewa saa za malipo kuhudumu vituoni. Donald Trump alilifuta Januari 2025, siku aliyoapishwa.